Kivimbe Kidoleni

Kilianza kama punje ya mtama, upande wa kiganja wa kidole changu cha shahada, pale pale kalamu inapoegemea. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Hakikuwasha wala kuuma, nami nikakipuuza. Baada ya mwaka mmoja kilitoshana na harage, na kalamu ikawa haitulii tena mkononi.

Ndugu msomaji, neno "uvimbe" limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Jipu ni uvimbe. Saratani nayo, kwa kuogopwa jina lake, huitwa uvimbe. Nilipomwarifu mama kwa simu, alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Mjomba, ambaye hakosi dawa, alishauri kipondwe kwa kitabu kizito. Tiba hiyo ni kongwe; hata Ulaya watu waliitumia, tena kwa Biblia. Mwenzangu wa chumbani aliiteua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kivimbe hakikupasuka. Nilichovuna ni maumivu, na kamusi ikabanduka jalada.

Hospitalini, daktari alizima taa akaweka kitochi ubavuni mwa kidole. Alinieleza kuwa uvimbe unaoonekana zaidi mkononi ni ganglioni, yaani kifuko cha ute kinachochipuka kwenye kiungo au kwenye ala ya kano. Hicho hupitisha mwanga kama yai mbele ya mshumaa. Changu kilibaki giza totoro.

"Hiki si cha maji, mwanangu," alisema.

Eksirei ilionyesha kwamba mfupa haujaliwa. Alishuku uvimbe wa seli kubwa wa ala ya kano, ambao si saratani, ila akaongeza kwamba macho yake hayatoshi kuamua. Hadubini ndiyo ingetoa hukumu. Kisha akanichorea kidole karatasini. Neva mbili hupita upande wa kiganja, moja kila ubavu, na kivimbe kilikuwa kimeikumbatia mojawapo. Akiikata, ncha ya kidole itakufa ganzi. Akiogopa kuikaribia na kuacha chembe nyuma, kivimbe kitaota upya. Nilitia sahihi kwa mkono huo huo.

Walidunga sindano ya ganzi shinani mwa kidole, wakakaza mpira ili damu isiifunike neva. Nilikuwa macho muda wote, nikisikia mlio wa mikasi na wala si maumivu. Hatimaye nilionyeshwa kinundu cha manjano chenye mabaka ya kahawia, kama kipande cha embe lililopitiliza kuiva. Eti hicho ndicho kilichoninyima usingizi!

Siku za kungojea majibu ya maabara zilikuwa ndefu kuliko muhula. Yalipofika, nilimpigia mama na safari hii sikulitaja neno uvimbe. Nilimwambia tu, "Si saratani, mama." Alinyamaza tena, kisha nikamsikia akiwaita majirani.

Ubavu mmoja wa ncha ya kidole bado haujaamka vyema. Nikipekua kitabu maktabani, mara nyingi hufunua kurasa mbili pamoja pasi na kujua, hadi sentensi zikatae kuungana.