Sinia la Bibi na Majivu ya Jikoni



Likizo iliyopita niliharibu sinia la Bibi. Sikulivunja wala sikulipoteza. Nililing'arisha.

Nyumbani kwetu ni Mpale, wilayani Korogwe. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa isali kwetu siku ya Alhamisi, na kama kawaida, baada ya sala watu hunywa chai. Bibi akaniomba nioshe vyombo: sufuria, birika, na lile sinia kubwa la stili ambalo marehemu Babu alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa shamba la mkonge. Sinia hilo limebeba ugali wa misiba na pilau la harusi. Siku hizi lilikuwa limefifia, lina ukungu mweupe katikati na mafuta ya zamani yaliyogandia ukingoni.

"Frateri, tumia majivu," Bibi aliniambia. "Anza leo, umalize kesho."

Mimi nilikuwa na kitabu cha kusoma. Nikachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikaimimina kwenye sinia bila kuichanganya na maji, nikanyunyiza chumvi juu yake, nikaenda kulala. Asubuhi nikasugua kwa stilwaya kwa nguvu zangu zote. Sinia likawaka. Lakini nilipoligeuza juani niliona mikwaruzo kila upande, na katikati vidoa vidogo vya rangi ya kutu, kama ngozi iliyotobolewa kwa sindano. Nilisugua tena. Havikutoka.

Bibi alipitisha kidole juu yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Baba, hili halikuwa na kidonda," alisema. "Lilikuwa na uchafu tu."

Kisha akaenda jikoni, akarudi na majivu ya kuni kwenye kopo, akanikalisha karibu na birika. Nawaandikia alichonifundisha, kwa sababu najua vyombo vya jumuiya nyingi vinangoja mtu wa kuviosha.

Kwanza, loweka. Chombo chenye mabaki yaliyoungua au mafuta yaliyoganda kiachwe kwenye maji ya moto hadi uchafu ulainike. Pili, chekecha majivu, maana kipande cha mkaa au punje ya mchanga ndiyo inayokwaruza. Tatu, yalowanishe kidogo yawe kama uji mzito, usugue kwa dodoki au kitambaa laini, ukifuata mistari ya chuma chenyewe, si kwa kuzungusha ovyo. Majivu ya kuni yana magadi ndani yake, nayo hugeuza mafuta kuwa kitu kinachofanana na sabuni. Kwa sababu hiyo mikono huteleza unapoyasugua, na usipoisuuza vizuri ngozi hukauka.

Ukoko mweupe wa chokaa ndani ya birika ni jambo lingine. Huo hautaki majivu, unataka ukali wa ndimu. Chemsha maji yenye ndimu mbili au tatu zilizokatwa, acha yapoe humo humo, kisha sugua kidogo na kumwaga. Zile rangi za upinde wa mvua zinazotokea stili ikipata moto mkali pia huondoka kwa ndimu. Lakini usichanganye ndimu na majivu kwa wakati mmoja ukidhani nguvu zitaongezeka, kwani kimoja humaliza ukali wa kingine. Mwisho, suuza kwa maji mengi na ukaushe kwa kitambaa papo hapo. Maji yakijikaukia yenyewe huacha ule ukungu tuliokuwa tunapambana nao.

Na sufuria za alumini zisilowekwe kwenye majivu wala magadi. Hizo huliwa na kuwa nyeusi. Zioshe kwa sabuni, na zikififia zipe ndimu au ukwaju.

Baadaye nilisoma kwa nini sinia lilipata vidonda. Stili isiyoshika kutu ilianza kujulikana mwaka 1913, Harry Brearley alipoitengeneza mjini Sheffield, Uingereza. Ndani ya chuma kuna kromiamu, si chini ya sehemu kumi hivi katika mia. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na huo ndio unaokinga chuma. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe mradi pawe na hewa na usafi. Chumvi na dawa ya nguo nyeupe, zikikaa muda mrefu, huutoboa utando huo na kuchimba chuma chenyewe. Kwa hiyo mimi sikuondoa uchafu wa sinia. Niliondoa kinga yake.

Darasani tunajifunza kutoka kwa Aristotle kwamba kitu chenyewe ni kimoja na sifa zake ni nyingine. Nimefanya mtihani wa somo hilo na nikafaulu. Lakini mbele ya sinia la Bibi nilishindwa kutofautisha chuma na doa lake, na nilipokuwa nakausha birika nilikumbuka kwamba sinia halikuwa la kwanza.

Mwaka jana seminarini nilikuwa nasimamia usafi wa bwalo. Mwenzangu wa mwaka wa kwanza aliacha masufuria bila kuosha, mara mbili. Mara ya pili nilimsimamisha wakati wa chakula, nikamwambia mbele ya wote kwamba mvivu hawezi kuwa padre. Bwalo likawa safi tangu siku ile, nami nikajisifu. Mlezi wangu aliniambia kwamba nasema kweli kwa namna inayojeruhi. Nilimwitikia, lakini moyoni nilimwona mpole kupita kiasi. Yule kijana hakukaa tena meza moja nami.

Alhamisi jumuiya walikuja. Bibi aliweka viazi vitamu kwenye sinia lile lile, na vikafunika vile vidoa. Hakuna aliyeuliza. Walipoondoka nililiosha kwa majivu yaliyochekechwa, polepole, nikalikausha. Linang'aa, lakini vidoa vipo na vitakuwepo. Bibi anasema nilikaushe kila mara, kutu isichimbe zaidi.

Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu. Nilimwomba msamaha, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kwa nini aliacha masufuria. Akaniambia siku zile mama yake alikuwa amelazwa, na muda wa kuosha vyombo ndio pekee aliokuwa akipata nafasi ya kupiga simu nyumbani. Hakuwa ameomba ruhusa kwa sababu aliogopa kuonekana anatafuta visingizio.

Sikuwa na la kusema. Nikamwahidi kwamba tukifungua nitasema mbele ya wenzetu wale wale kuwa nilikosea.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza Bibi hajambo.