Tulikuwa Watatu Kwenye Vespa: Mimi, Mume Wangu na Bastola

Kama hujawahi kupakiwa kwenye vespa usiku kutoka Forodhani hadi Kiembe Samaki, basi kuna raha moja ya Unguja bado hujaionja. Umekula mishikaki yako, umekunywa juisi ya miwa, tumbo limejaa na mwenzio yuko mbele. Mnaiacha Mnazi Mmoja, upepo wa bahari unakupiga mnapopita Maisara na Kilimani, mnaikata Migombani, kisha Mazizini. Ukianza kuona taa za uwanja wa ndege, ujue umefika kwetu. Jina lenyewe lina embe na samaki ndani yake, sasa mtu atashindwaje kupapenda?

Ila mwanzoni mwa ndoa yangu raha hiyo niliipata huku kitu kigumu kikinigonga ubavuni kila tukiruka shimo. Ilikuwa bastola ya mume wangu.

GIZA LA MIEZI MITATU

Tulioana Novemba 2009. Hata hina haijafutika mikononi, tarehe 10 Desemba umeme ukakatika Unguja nzima. Tukadhani ni mgao wa kawaida, utarudi jioni. Wapi! Ulirudi Machi 2010. Hitilafu ilikuwa Fumba, kule ambako waya wa chini ya bahari kutoka bara unaibukia. Pampu zikasimama, maji yakawa ya kubeba kwa ndoo. Simu tulichaji kwa mwenye duka aliyekuwa na jenereta, unalipa na unasubiri zamu.

Nilikuwa nafanya kazi ya uhasibu katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, natoka saa mbili usiku, wakati mwingine saa tatu. Daladala za 505 hupungua saa hizo, kwa hiyo mume wangu alikuwa ananifuata na vespa. Mimi mtoto wa hapa hapa. Yeye ni mtu wa bara, amekulia Dar es Salaam, na alikuwa ndio kwanza amehamia kwetu. Njia nzima ilikuwa giza totoro. Mwanga ulikuwa wa karabai za wauza chipsi, wa jenereta za wenye nazo, na mbele kabisa uwanja wa ndege, unang'aa kama meli.

Wiki ya kwanza ya giza hilo nilipompitishia mkono kiunoni nikagusa chuma.

"Nini hiki, baba?"

"Kitu cha kutulinda, mke wangu. Wewe shika vizuri."

Nilijua anayo. Alikuwa na leseni aliyoipata Dar, enzi alipokuwa anabeba mauzo ya duka la tajiri wake Kariakoo. Akasema karatasi zake ziko sawa, na mimi sikuwa na ujuzi wa kubishana naye. Na niseme ukweli, shoga yangu: siku za mwanzo nilijisikia vizuri. Si unajua zile filamu? Mwanaume wako yuko mbele, giza limetanda, na ana bastola. Nikajiona niko salama kuliko mke yeyote wa Kiembe Samaki.

MIKONO MIWILI, KAZI TATU

Baada ya siku chache akili ikaanza kunirudi. Mimi mwenyewe naendesha vespa, nimefundishwa na kaka yangu tangu niko sekondari, kwa hiyo nilianza kupiga hesabu.

Kwenye vespa ya gia, mkono wa kushoto unashika klachi na kubadilisha gia. Mkono wa kulia unakaza mafuta na kushika breki ya mbele. Mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma. Hakuna mkono wa akiba. Mume wangu anatumia kulia, na bastola aliichomeka nyuma ya kiuno, ndani ya shati. Ili aitoe lazima aachie mafuta, aachie breki ya mbele, apeleke mkono mgongoni ambako mimi nimejibana naye, huku mkono mmoja tu ukibaki kwenye usukani. Vespa ina vigurudumu vya inchi 10. Ukikuta shimo kwa mkono mmoja, usukani unacheza kama mtoto wa ngoma.

Halafu kuna kuanguka. Kila anayepanda vespa ataanguka siku moja, muulize yeyote. Ukianguka chali na kipande cha chuma kiko juu ya uti wa mgongo, chuma kinakaa palepale na mgongo ndio unaokubali kuvunjika. Ukiihamishia kwenye mkoba, mkoba ndio kitu cha kwanza wanachokwapua wezi wa barabarani. Ukiifungia kwenye kisanduku cha vespa, siku ya shida utamwambia mwizi asubiri utafute ufunguo?

Na mwizi hatangazi. Yeye ndiye anayechagua pa kukutokea na saa ya kukutokea. Wewe unakuja na taa yako inayokuonyesha kutoka mbali, una mwanamke nyuma, mikono yote imeshikwa. Hadi ufikirie bastola, mwenzio ameshamaliza kufikiri.

Yote haya nilimwambia mume wangu. Akacheka, akasema, "Mambo ya wanaume hayo, niachie mimi."

USIKU WA MAZIZINI

Ilikuwa Januari 2010, siku ya Alhamisi. Nimevaa buibui jipya, pana, nimekaa upande, miguu yote kushoto. Tulipoipita Mazizini nikasikia honda nyuma yetu. Nikageuka. Vijana wawili, taa yao haiwaki, wanatukaribia kwa kasi. Mmoja anapiga kelele, lakini kwa upepo na mlio wa injini sikusikia hata neno.

Mume wangu naye alisikia. Mgongo wake ulikakamaa kama mbao. Akaongeza mwendo, na wao wakaongeza. Mara nikahisi mkono wake wa kulia unakuja nyuma, unapapasa, unalipandisha shati. Vespa ikapunguza mwendo ghafla, ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Nikapiga ukelele nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, na mkono wake ukabanwa kati yetu, umeshika mpini wa bastola, hauwezi kutoka.

Honda ikafika ubavuni. Yule wa nyuma alikuwa ananyooshea kidole chini.

"Bibie! Buibui! Buibui linaingia mpirani!"

Nikatazama. Pindo la buibui lilikuwa limeshaanza kusagwa na gurudumu la nyuma. Laiti lingezunguka mara mbili tatu zaidi, lingenivuta chini mgongo mtupu juu ya lami. Kila mwanamke wa Unguja anayepanda vespa ameambiwa na mama yake akusanye nguo. Mimi usiku ule nilisahau kwa sababu akili yangu ilikuwa kwa wezi.

Tukasimama. Vijana nao wakasimama, wakashuka, wakasaidia kulichomoa buibui kwa kulirudisha gurudumu nyuma taratibu. Mmoja wao nilimtambua: mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ndiye aliyetubebea viti siku ya harusi. Akamwambia mume wangu, "Pole sana, kaka. Taa yetu imeungua, ndio maana hamkutuona." Mume wangu akamshukuru. Mkono wa kulia ulikuwa ungali nyuma ya shati.

ALICHOKUWA AMEKIFICHA

Usiku ule hakula. Tulikaa sebuleni na kibatari, bastola iko mezani, amekwisha kuitoa risasi. Karibu na saa sita ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka 2007, Dar, alisimamishwa usiku na watu wanne akiwa kwenye pikipiki ya tajiri wake. Walimpiga kwa nondo, wakachukua pikipiki na pesa. Alilala kwenye mtaro hadi alfajiri. Kazini alisema aligongwa na gari, maana aliona aibu. Miezi iliyofuata akahangaikia leseni, akapata bastola, na toka hapo hakutoka usiku bila hiyo.

"Leo ningempiga yule mtoto," akasema. "Kama usingenishika, ningempiga."

Nilikuwa nimeolewa naye miezi miwili. Bastola niliijua, ule mtaro sikuujua. Wanandoa wenzangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mwenzio akiwa na kitu cha kujilinda asichoweza kukiacha hata dakika, usianze kugombana na kile kitu. Muulize kwanza ni nani aliyemtisha, na lini.

MZEE WA BARAZANI

Kesho yake asubuhi alikwenda kumsalimia mzee mmoja anayekaa barazani kwake karibu na msikiti. Akamsimulia yote. Mzee akamkumbusha Ziwani: usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, watu walikiendea kituo cha polisi wengi wao wakiwa na mapanga na silaha za jadi, wakatoka na bunduki za serikali. "Bunduki haina mwenyewe, mwanangu. Mwenyewe ni yule aliyeishika mwisho." Halafu akaonyesha upande wa uwanja wa ndege, ambao siku hizi unaitwa kwa jina la Abeid Amani Karume. Rais yule aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, na dola nzima ilikuwa na kazi ya kumlinda.

Sisemi Unguja ni pepo. Januari 2001 watu walipigwa risasi barabarani. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili alipofika kuendesha misa. Hofu ya mtu si ujinga. Na sheria imeacha mlango kwa mwenye haja ya kweli: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu na awe amethibitishwa kuwa anaimudu silaha. Lakini karatasi hiyo haikuongezei mkono wa tatu kwenye usukani.

Mwezi huohuo mume wangu akavuka kwenda Dar na bastola, akaikabidhi polisi, akarudi na helmeti mbili. Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya siku ya kwanza: alikwenda kwa sheha akajitambulisha rasmi, akakaa barazani na wanaume wenziwe, akajulikana. Kwetu, mtu akijulikana, hata vijana wenye honda isiyo na taa watamfukuzia kumwokoa.

NA MIMI NILIIBIWA

Nisikudanganye kwamba hadithi iliisha kwa heri tupu. Mwaka 2012, peke yangu, karibu na Migombani, wawili walinipita na pikipiki wakaukwapua mkoba wangu begani. Simu, mshahara wa mwezi, vitambulisho, vyote vikaenda. Niliyumba lakini sikuanguka. Nilifika nyumbani natetemeka.

Njia nzima nilikuwa naisubiri ile sentensi: "Si nilikwambia?" Mume wangu alikuwa na haki ya kuisema. Alinitazama, akanivua helmeti, akaniletea maji. Mpaka leo hajaisema. Ningekuwa na bastola siku ile ingekuwa ndani ya mkoba ule, na leo ingekuwa mikononi mwao.

Tangu hapo tuna taratibu zetu. Mkoba unakaa kati yetu, hauning'inii begani. Buibui linakusanywa na kukaliwa kabla injini haijawashwa. Tukifuatwa hatusimami gizani, tunakwenda hadi penye watu. Na mwizi akitaka kitu, apewe kitu.

Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, giza lile limebaki hadithi ya kuwasimulia watoto. Vespa bado tunayo, injini imefunguliwa mara mbili. Ijumaa jioni tunakwenda Forodhani kama zamani, tunarudi polepole, na ubavuni mwangu hakuna kinachonigonga ila mgongo wa mume wangu, ambao siku hizi umenenepa kidogo.

Je, mwenzio anabeba nini anapotoka usiku? Umeshamuuliza kwa nini?