Wazee wa Kirando na chumba cha kulala

Malangali, Sumbawanga
Mwezi wa Mei

Mwanangu mpendwa,

Mvua zimekata, mahindi yanakaukia shambani, na baridi imeshaanza kutukamata asubuhi. Dada yako anaendelea vizuri na maandalizi ya harusi, ila kila siku anaongeza mtu kwenye orodha ya wageni, na baba yako kila siku anamkata.

Ujumbe wako kuhusu malazi ya wazee nimeusoma. Umesema umepata hoteli ya ghorofa, mpya, ina maji ya moto na televisheni kila chumba, na ulipopiga simu wakakwambia sigara ni marufuku popote ndani ya jengo. Wewe ukaona hapo umepata dawa: babu yako na dada yake, yaani bibi yako, wakilala pale siku tatu watalazimika kuacha kuvuta. Mwanangu, hawataacha. Watavutia chooni.

Unajua nimekaa mapokezi ya gesti hapa mjini mpaka nikazeekea pale, kwa hiyo sisemi kwa kubuni. Mzee anashuka kwenye basi la jioni, anajaza kitabu cha wageni, unamwambia hairuhusiwi kuvuta ndani, anaitikia kwa kichwa, tena kwa adabu kabisa. Saa nane usiku harufu inatokea chini ya mlango. Asubuhi mhudumu anakuta majivu kwenye sinki na shuka lina tundu. Ukimuuliza, anasema alikuta hivyo hivyo. Hapo inaanza mizozo ya kulipa shuka, na anayeitwa kulipa ni kijana aliyelipia chumba, yaani wewe.

Wala si ukaidi wao. Nikotini haikai mwilini muda mrefu. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Mtu aliyevuta tangu ujana wake akilala saa tatu usiku, ifikapo alfajiri mwili unadai. Ndiyo maana ile sigara ya kwanza baada ya kuamka ndiyo ngumu kuliko zote kuikosa. Babu yako umri ule hawezi kuachishwa na kibao cha ukutani. Akitaka kuacha, na ningefurahi sana, ataacha kwa kusaidiwa taratibu akiwa kwake, si katikati ya shamrashamra za harusi mbele ya wakwe.

Usiende pia upande wa pili, ukatafuta gesti ambayo hawajali, wanakwambia mzee avute tu hata kitandani. Zipo. Utazijua ukifungua mlango tu: pazia linanuka, godoro linanuka, mto unanuka, na ukifungua dirisha mchana kutwa harufu inabaki palepale. Huko nisingemlaza mtu wangu. Magodoro yetu mengi ni ya sponji, yakishika moto yanawaka haraka na moshi wake ni sumu kali. Mzee aliyechoka na safari, amejifunika mablanketi mawili, kiko mkononi, anasinzia. Sitaki hata kumalizia hiyo sentensi.

Ninachokuomba utafute ni baraza. Chumba cha chini, mlango wake unatokea moja kwa moja kwenye baraza au kwenye ua, na hilo baraza lina paa. Basi. Hizi gesti za zamani ambazo nyinyi vijana mnazidharau, vyumba vimepangwa mstari na ua uko katikati, zinafaa wazee wetu kuliko ghorofa lenye korido ya ndani. Mzee anafungua mlango, anatoka hatua mbili, anakaa kwenye kiti, anavuta, anarudi. Chumba kinabaki safi, jirani hasumbuki, na ngazi hazipo. Kwa magoti ya bibi yako, hilo la ngazi peke yake lingetosha kuikataa hoteli yako.

Sasa usisahau kitu ambacho nyinyi mnaokaa Dodoma mmeanza kukisahau, yaani baridi ya Ufipa. Hawa wazee wanatoka Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari na mtu analala na shuka moja. Huku tuko karibu mita 1,800. Wanapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu kwa siku moja, na harusi mmeiweka mwezi wa saba, wakati usiku joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi au chini yake. Ukimwambia mzee wa ziwani atoke nje kuvuta saa kumi alfajiri bila ukuta wa kumkinga upepo, umemfanyia ukatili. Isitoshe tumbaku yenyewe hubana mishipa ya damu, na baridi nayo hubana, kwa hiyo vidole vya mvutaji hupata tabu mara mbili. Nunua soksi nzito, kofia za sufu na makoti mawili kabla hujanunua suti yako. Mablanketi nitaongeza mimi kutoka hapa.

Kwa sababu ya baridi hiyohiyo, kuna wahudumu wema ambao watamwonea mzee huruma na kumwingizia jiko la mkaa chumbani. Kataa. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mtu hulala usingizi ambao haamki. Kila msimu wa baridi habari hizo tunazisikia sehemu za nyanda za juu. Maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga, yanatosha miguuni.

Najua utauliza kwa nini wasilale hapa kwetu Malangali. Nyumba imejaa, na chumba cha nyuma yupo mke wa kaka yako na mtoto wa wiki tano. Moshi wa tumbaku kwa mtoto mchanga ni hatari, hata ule unaobaki kwenye nguo za mvutaji sipendi umfikie. Babu atakuja kula hapa, atakaa chini ya mti wa parachichi na wenzake, jioni atarudishwa gesti. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Asije akaona amefukuzwa.

Ukipiga simu kwa mwenye gesti, usimfiche. Sema wazi kwamba una wazee wawili wanaovuta, hawatavutia chumbani, unataka vyumba viwili vya chini vilivyo pamoja, kimoja cha babu na kimoja cha bibi. Uliza kama baraza lina taa usiku. Uliza geti linafungwa saa ngapi na kama mlinzi atajua kuwa kuna mzee atakayekuwa anatoka alfajiri, maana nimewahi kuona mlinzi anamkimbilia mgeni na rungu akidhani mwizi, kumbe mtu anatafuta kiberiti. Mwenye gesti akisikia umesema ukweli mapema, mara nyingi anakuwa mpole. Wengi hawaogopi sigara, wanaogopa shuka. Anza kuuliza kwenye hosteli za makanisa, kama Moravian Conference Centre. Mji wetu una kadhaa. Kama watakataa, wamekataa kwa haki yao. Nchi yetu ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003, inayozuia kuvuta ovyo mahali pa umma, na mwaka 2007 tuliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Wenzetu wa Uganda, kwa sheria yao ya 2015, wamekwenda mbali zaidi: mvutaji anatakiwa awe mita 50 kutoka mahali pa umma. Babu yako angepata kazi ya kutembea Kampala.

Hiyo sheria yetu inakugusa na wewe. Babu ana tabia ya kumwita mjukuu yeyote anayepita na kumpa sarafu akanunue sigara za Embassy dukani. Kuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa, na mimi hata kama isingekuwa kosa nisingependa. Mnunulie pakiti zake mapema, zikae kwa baba yako mdogo. Tumbaku ya kiko ya bibi nitaitafuta mwenyewe sokoni, kwa sababu wewe utauziwa majani ya mwaka juzi. Nitawaandalia pia kopo la maziwa lenye mchanga kila mmoja, la majivu na vishungi, likae barazani karibu na kiti.

Bibi yako ana aibu ya kuonekana na kiko mbele ya wakwe. Usimtangaze. Mpeleke nyuma ya nyumba kama unampeleka kupumzika. Na suala la kumwambia babu asivute chumbani mwachie baba yako mdogo, ni mtu wa rika analoweza kulisikiliza. Neno hilo likitoka kwako atasema umesoma sana.

Jambo la mwisho na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko chumba. Nilipozungumza naye kwenye simu, babu alikuwa anakohoa, na bibi ananiambia ni tangu kabla ya Pasaka. Kikohozi kikipita wiki mbili kinatakiwa kupimwa kifua kikuu, na wavutaji hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wasiovuta. Akifika, siku mojawapo kabla ya harusi nitampeleka mwenyewe hospitali ya rufaa ya mkoa akatoe makohozi. Akikutwa nacho, dawa zake hutolewa bure. Kwa sababu hiyo nataka wafike Jumatano, si Ijumaa kama ulivyopanga, na vyumba ulipie kuanzia siku hiyo. Na mpaka majibu yatoke, mtoto wa kaka yako atakaa mbali na babu.

Mwezi wa saba harusi ni nyingi, na vyumba vya chini ndivyo vinavyoisha kwanza. Usitume hela kwa mtu yeyote mpaka nimekwenda kuliona hilo baraza kwa macho yangu. Nipigie Jumamosi jioni, nitakuwa nimezunguka.

Ni mimi shangazi yako.