Eimu na Kidole Chake cha Mwisho

Nikiwa darasa la sita kule Kathonzweni, hadithi ya ajabu isiyo na theluji haikuwa hadithi kwangu. Aliyenifundisha hivyo ni C. S. Lewis. Kitabu chake cha 1950, cha watoto wanaopenya kabati la nguo na kutokea katika nchi iliyogandishwa na mchawi, kilinifikia bila jalada wala kurasa za mwanzo, nikakisomea juu ya mwembe msimu ambao mvua ilikuwa imetuhepa. Mito yetu ni ya mchanga, maji tunayachimba. Mtu akikuambia kuna nchi iliyokaa na kipupwe miaka mia moja, huna haja tena ya simba anayesema. Baridi yenyewe ni uchawi wa kutosha.

Jioni susu, nyanya yangu, alitusimulia ngewa, yaani ngano za Kikamba, huku tukichambua ndengu. Eimu, yaani zimwi, huja ngomani akiwa kijana mtanashati, akaondoka na msichana aliyewakataa wanaume wote wa kwao. Njiani upepo unafunua nywele na msichana anaona mdomo wa pili kisogoni. Eimu mwingine alimeza watu na mifugo yao, na alipokuwa akikata roho akaagiza akatwe kidole cha mwisho. Kilipokatwa wakatoka wote, wazima, ng'ombe wakilia. Susu akimaliza alijiombea ng'ombe tele zizini mwake, nasi akatuombea wadudu waharibifu ghalani. Tulicheka tukaenda kulala. Ngewa hizo sikuziweka fungu moja na kitabu changu. Kitabu kilikuwa kitabu. Hizi zilikuwa njia ya kumaliza ndengu.

Sekondari nilipelekwa bweni upande wa Kitui. Huko Harry Potter alizunguka kitanda hadi kitanda, amevalishwa gazeti ili afanane na kitabu cha Biolojia. Mfululizo wake una vitabu saba, vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, lakini sisi tulikuwa na cha tatu na cha tano tu, kwa hiyo mengine tulijitungia. Matroni alikinasa kimoja akatangaza kwamba ni mlango wa mapepo. Wakati huohuo wasichana waliotoka Nairobi walituuliza sisi Wakamba, nusu utani nusu hofu, kama nyumbani kwetu kuna kamuti, uchawi wa Kikamba. Mchawi mwenye bundi na fimbo alikuwa wa kutamaniwa. Mchawi wa Kitui alikuwa wa kuchekwa mchana na kuogopwa usiku. Hilo liliniudhi kuliko matroni.

Darasani nako ngano zilipangwa kwa mafungu: hurafa, usuli, mighani, mazimwi. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE ina sehemu ya fasihi simulizi, nasi tulizoea kutafuta funzo mwishoni mwa kila ngano, hata pale ambapo msimulizi hakulitia. Ngewa za susu zilinisumbua kwa hilo. Msichana alimponyoka eimu kwa sababu alikuwa na mbio. Basi.

Kilichonigeuza, ajabu, kilikuwa kitabu cha lazima. Hadithi ya Said A. Mohamed iliyoupa jina mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba ina jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kula kila kilichopikwa. Tuliandika kwenye madaftari: unyakuzi wa ardhi. Sawa, hilo limo, tena limeandikwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumtambua yule mgeni. Alikuwa eimu, ila safari hii ameingia mjini, ambako hakuna anayejua kidole cha kukata.

Baadaye tulitembelea Jiwe la Nzambani, mwendo mfupi kutoka mji wa Kitui. Husemwa kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Wenzangu walipanda ngazi za chuma kupiga picha huko juu. Mimi nilibaki chini nikiwatazama wavulana wa shule nyingine walioapa kuzunguka. Walianza kwa kelele, wakapunguza, na hakuna aliyemaliza. Nadhani maoni yangu kuhusu uchawi wa vitabuni yalianzia hapo. Hogwarts, shuleni kwa Harry Potter, ukipunga fimbo jambo hutendeka, na mara nyingi unachohatarisha ni kukosea matamshi. Nzambani sharti ni moja, halina maelezo, na malipo ni wewe mzima.

Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu mmoja aliniazima Akamba Stories ya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, iliyochapishwa Oxford mwaka 1966. Kutoka hapo nikamfikia Gerhard Lindblom, Mswidi aliyezinakili ngewa za Ukambani miaka ya 1910. Dua ile ya ng'ombe kwangu na wadudu kwenu alikuwa ameikuta tayari. Nilikuwa nikidhani ni kejeli ya susu peke yake. Kisha nikasoma Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya 2002, ambamo Peter Pan, yule mtoto asiyetaka kukua, anasakwa dunia nzima kwa uharibifu wake. Sikujua kwamba mtu anaweza kuingia katika hadithi ya Waingereza na kumshtaki shujaa wao. Tangu hapo sina subira na riwaya za ajabu za Kiswahili zinazoogopa ajabu yake na kukimbilia kutuambia inamaanisha nini. Kwetu Makueni tuna mlima Nzaui, ambako wazee husema Mulungu aliwaweka watu wa kwanza na nyayo zao zikabaki mwambani. Nyayo hizo hazihitaji tanbihi.

Mdogo wangu hakubaliani nami. Yeye husoma manga kwenye simu, hasa Attack on Titan ya Hajime Isayama, yenye majitu yanayokula watu. Nilipomsimulia ya kidole, akauliza mambo ambayo sikuwahi kumuuliza susu: kwa nini eimu ajitolee siri yake mwenyewe? Na waliomezwa, walikuwa wakila nini humo? Mimi nasema ukieleza umeiua. Yeye anasema asiyeeleza ni mvivu. Sasa anamchora eimu wake katika daftari la Fizikia, na kidole cha mwisho hakipo. Eti eimu mwenye akili angekuwa amekikata mapema. Nikamkumbusha kwamba angekikata, wote wangetoka. Akachukua penseli, akakirudisha kidole, akakivalisha glavu ya chuma.