Makutano Yasiyokutana

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, binadamu hukutana. Barabara nazo zikutanapo, mara nyingine huwa ni msiba.

Mimi ni mzaliwa wa Kitale niliyeolewa Bungoma. Safari kati ya nyumba zangu hizi mbili hupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ambako barabara yetu huingia katika barabara kuu iendayo Malaba. Aendaye Bungoma hana budi kukunja kulia. Kwa kuwa nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto, humlazimu kukata njia ya magari yatokayo Malaba, kisha ajiunge na yale yatokayo Eldoret.

Katika mkunjo wa namna hiyo, mwaka 2016, kaka yangu aligongwa na lori akiniletea maziwa kwa pikipiki. Alipona, lakini mguu haukurejea ulivyokuwa. Nilijilaumu miaka mingi, maana ni mimi niliyemwita.

Mwaka 2023 nilihudhuria kongamano la wanafunzi Dar es Salaam, nikapita Ubungo. Hapo tangu Februari 2021 pana daraja la ngazi tatu liitwalo Kijazi. Msafiri mwenzangu, mwanafunzi wa uhandisi, alinifafanulia siri yake. Katika njia panda ya kawaida mna nukta 32 ambapo magari yaweza kugongana: 8 za kuachana, 8 za kuungana na 16 za kukatana, na hizi za mwisho ndizo za hatari zaidi. Barabara moja ikipandishwa juu ya nyingine, waendao moja kwa moja hawakatani tena. Penye nafasi ya kutosha, hata akunjaye kulia hupita daraja kwanza, akatoka kushoto, akazunguka kitanzi mfano wa jani, kisha akaungana na wenzake taratibu. Mwendo wake ni mrefu zaidi, lakini hasimami wala hamkati mtu njia.

Ajabu iliyoje, ndugu msomaji! Mahali hapo twapaita makutano, ilhali pamejengwa ili watu wapishane.

Niliporudi Kitale nilimsimulia kaka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Dada, basi usijilaumu tena. Mimi na yule dereva tulipewa mahali pamoja kwa wakati mmoja."

Ningali napita Webuye. Tukifika pale huacha mazungumzo, hadi dereva amalize kukunja.