Kipatimu ya Wasikilizaji

Kipatimu haimo njiani, lazima uiendee. Anayekwenda Lindi na Mtwara huipita bila kuiona, na anayekwenda Kilwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa ana haraka ya kufika Kilwa Masoko. Mimi niliteremka Njia Nne, pale Tingi, ambako njia ya Kipatimu huiacha barabara kuu na kushika magharibi kuelekea milima ya Umatumbi. Tulikuwa tumevuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni ya Ndundu, na masika yakikaza, msafiri wa kusini alihesabu siku, si saa.

Pwani umeacha joto la mikoko na chumvi. Bodaboda ikianza kupanda, hewa inalegea. Mikorosho inapungua, michungwa inaanza, migomba inajificha mabondeni, na majabali ya chokaa yanachomoza katikati ya mashamba kana kwamba yamepandwa pamoja na mihogo. Nimezunguka sehemu nyingi za nchi hii nikiwa kazini, na sioni kwa nini milima hii haisifiwi. Kijani chake ni kizito, watu wake hawana pupa ya kusema, na jioni sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde inakufikia bila kukatika.

Jina la Kipatimu nililijua miaka mingi kabla sijaiona. Nilikuwa kijana Redio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, na sisi vijana tulipewa kazi ya kupanga kadi za salamu. Zilikuja kwa magunia kutoka kila pembe ya nchi. Zile za Kilwa, za Kipatimu zikiwemo, zilichelewa, nyingine zimelowa na kukauka njiani, wino wa buluu umetanda, lakini majina yanasomeka: kwanza wazazi, kisha wakubwa wa kijiji, kisha marafiki walioko Dar es Salaam na Tanga, mwisho ujumbe. Mwandishi wa kadi alijua kwamba jina lake litasomwa mara moja tu, kwa sekunde chache, labda baada ya mwezi. Alinunua kadi hata hivyo, akalipia stempu, akakaa karibu na redio kila siku ya kipindi. Sijapata kuona tena uaminifu wa namna ile kati ya mtu na chombo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kanda zilizunguka kwenye magurudumu mawili, nasi tulihariri kwa wembe. Unazungusha kwa vidole, mbele, nyuma, polepole, mpaka uipate pumzi ya msemaji pale inapoanza. Unatia alama kwa kalamu ya nta, unalaza utepe kwenye kijifereji cha chuma, unakata mshazari, unaunganisha. Kikohozi cha mzee wa watu kinabaki sakafuni, urefu wa kidole. Ukikata pumzi, msikilizaji wa kule bondeni atajua kuna jambo limeondolewa. Kwa hiyo pumzi tuliiacha. Naikumbuka harufu ya vyumba vile, na ukimya wa zamu ya usiku taa nyekundu inapowaka, kwa hamu ambayo haijanipungua tangu nistaafu.

Huko Kipatimu nilikaribishwa barazani na mzee mmoja aliyevuka miaka themanini. Nilipompa shikamoo na kumweleza nilikofanya kazi, aliitikia marahaba, akaingia ndani, akatoka na redio yake ya mbao na chuma, imefungwa mpira wa baiskeli kiunoni ili mfuniko wa betri usidondoke. Haisemi tena. Aliiweka mkekani kati yetu.

“Mwanangu, hii ilikuwa ya kijiji,” akasema. “Mimi nilinunua, lakini ilikuwa ya kijiji.”

Akanieleza walivyoanika betri juani ziongeze siku mbili tatu. Akataja vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, akacheka mwenyewe kabla hajamaliza kusimulia. Akamtaja Debora Mwenda na kipindi chake cha Mama na Mwana, kwamba watoto walikuwa wakikaa hapo hapo nilipokaa mimi. Kisha akaniinua, akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha mahali palipokuwa na choo chao cha kwanza. Kilichimbwa 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walipokusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakashika majembe. Redio iliyoanza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikiwasemesha watu wa mji ule tu, ilikuwa imefika kuchimbisha shimo nyuma ya nyumba hii.

Nilimuuliza anakumbuka nini zaidi. Hakusema wimbo wala mtangazaji. Alipiga mkeka kwa viganja vyote viwili: ngoma ya taarifa ya habari. Ngoma zile ni za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, naye alikuwa mtu wa Mkoa huu huu wa Lindi. Nilizisikia kila zamu kwa miaka, nikizihesabia sekunde kabla ya kumwashia msomaji taa. Pale barazani nilizisikia kama wao walivyozisikia: mtu wa kwao akiinyamazisha nchi nzima ili habari isomwe.

Tena milima hii ilijua kusambaza habari zamani kabla ya mitambo. Wazee huita njwiywila ule mnong'ono wa siri uliopita kijiji kwa kijiji, ukieneza habari za mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake ya dawa, hadi Julai 1905 watu walipoingia shamba la Nandete na kung'oa pamba ya Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianzia hapo, safari fupi tu kutoka Kipatimu, na mnara wa kumbukumbu upo. Pango la Nang'oma nalo lipo. Wenyeji husimulia kwamba watu walijificha humo wakati wa vita. Nilisimama mlangoni, popo wakipita juu, nikaita. Mwangwi ulirudi umechelewa, mpana, na mimi nikajikuta natafuta pale pa kutia alama ya kukata.

Simu iliyo mfukoni mwangu leo inabeba saa nyingi za sauti kuliko mkoba mzima wa kanda tuliokuwa tukipanda nao mabasi. Nilimwomba mzee ruhusa ya kurudi, nirekodi wazee wa Nandete na simulizi walizopokea kwa babu zao, kwa Kimatumbi kwanza, kisha Kiswahili. Alifikiri kidogo, akahesabu miezi kwa vidole.

“Njoo ufuta ukishauzwa,” akasema. “Watu wanashinda nyumbani. Mjukuu wangu atakupandisha mlimani, ila muondoke alfajiri, jua la huku likishatoka halina mzaha. Na uje na betri.”