Nokia ya Tochi

Nianze kwa kukiri: mimi ni mshabiki. Si wa timu ya mpira wala wa mwanamuziki. Ni wa Nokia. Kwenye droo ya meza hii ninayoandikia kuna Nokia saba. Nne zinawaka, mbili zinasubiri betri, moja imekufa kabisa ila sina moyo wa kuitupa. Mgeni akija kwangu akitegemea kuonyeshwa vitabu ataonyeshwa, lakini droo kwanza. Mume wangu ameshazoea. Akinisikia nimesema "unajua hii ilitoka mwaka gani?" huinuka taratibu akaenda kuchemsha chai.

Tena mimi ni mshabiki wa aina ile mbaya, ya kukusimulia historia ambayo hukuomba. Kwamba kampuni ilianza mwaka 1865 huko Ufini, Fredrik Idestam alipojenga kinu cha kusaga mbao kuwa rojo la kutengenezea karatasi. Kwamba jina lilikuja baadaye, kutoka mji wa Nokia alikojenga kinu cha pili. Karatasi kwanza, jamani! Sisi watu wa vitabu tuna haki ya kuidai. Baadaye zikaja mpaka buti za mpira. Ule mlio wake ambao ukiusikia ndani ya daladala watu kumi walikuwa wanajipapasa mifuko, umekatwa kutoka Gran Vals, utunzi wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega. Na ule mlio wa meseji, mitatu mifupi, miwili mirefu, mitatu mifupi, ni herufi S, M na S kwa alama za Morse. Hili nililijua ukubwani. Kumbe miaka yote simu ilikuwa inatamka herufi, sisi tunadhani inalia tu.

Watu huniuliza kwa nini Nokia. Huwa nawajibu kwa majibu ya kawaida: inakaa na chaji, ikianguka unaokota vipande vitatu unavirudishia, inawaka. Majibu ya kweli yote hayo. Ila siyo jibu.

Mwaka 2005 nilipochaguliwa kwenda chuo Dar es Salaam, baba yangu alishuka kutoka Lushoto hadi Tanga mjini akanunua simu mbili zinazofanana, Nokia 1100. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu wa kufanya utafiti hata anaponunua jembe. Alikuwa na sababu zake na alinieleza zote mezani, moja baada ya nyingine, kama anafundisha. Vitufe vimefunikwa kwa mpira mmoja mzima, vumbi haliingii. Ubavuni ina mikwaruzo ya makusudi ili isiteleze mkononi. Na juu kabisa, tochi. Unabonyeza kitufe chenye herufi C, kinatoka kimwanga cha kukutosha kwenda chooni na kurudi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, lakini siku ile pale mezani kwetu zilikuwepo mbili tu, na moja ilikuwa yangu.

Niseme ukweli, sikuipenda. Chuoni wenzangu walikuwa na simu za kamera. Yangu waliiita kitochi. Nilikuwa naificha kwenye mkoba, na ikilia nageukia ukutani.

Hapa lazima niwaeleze vijana jinsi tulivyokuwa tunaandika, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Kila kitufe kilibeba herufi tatu au nne. A unabonyeza mara moja. I mara tatu. S iko mwisho kwenye namba 7, mara nne! Sasa hebu fikiria lugha yetu hii ilivyojaa S. Neno "sasa" ni mibonyezo kumi. Lakini X iko namba 9, mibonyezo miwili tu. Ndiyo "xaxa" ikazaliwa, mibonyezo sita. Walimu wa Kiswahili walilalamika kwamba vijana wanaharibu lugha kwa kuiga, na wengi walikuwa wanaiga kweli, lakini mimi naamini mwanzo wake ulikuwa kidole gumba kilichochoka. "2po." "Cku hz." "Nimexoma." Juu ya hapo kulikuwa na herufi 160, zikiisha unalipia meseji ya pili, na vocha ilikwanguliwa kwa uchungu.

Baba hakufupisha neno hata moja. Meseji zake zilikuwa na mkato, nukta, herufi kubwa penye herufi kubwa. Za mwanzo zilikuwa na kichwa cha habari: "Yahusu: Ada." Mwisho aliandika "Ni mimi Baba yako", kana kwamba namba yake sina. Nikimwandikia "xalama baba, naomba hela ya photocopy" alikuwa anajibu kwanza "Salama ina S", halafu ndiyo habari ya hela. Nyumbani kwetu mtandao haukushika. Ilibidi apande mpaka kwenye mikaratusi juu ya shule, asimame upande wa bonde, ndiyo meseji itoke. Mzee wa miaka hamsini na nane, na goti lake bovu, anapanda mlima kuniambia kwamba salama ina S.

Mwaka 2007 bumu lilipotoka nikaenda Kariakoo. Nilikuwa nimeitamani Nokia 6600 tangu mwaka wa kwanza, ile nene kama kipande cha sabuni, yenye kamera na kile kijiti cha kusogeza katikati. Niliyoipata ilikuwa imetumika lakini safi. Hela haikutosha, nikaongezea kitochi changu. Muuzaji akatoa laini akanirudishia, simu akaitupia kwenye boksi la nyingine. Meseji za Baba nyingi zilikuwa kwenye kumbukumbu ya simu, siyo kwenye laini. Lilikuja kunijia nikiwa nimekaa kwenye gari, tumeshafika Magomeni, na nakumbuka vizuri kabisa nilichojiambia: ah, ataandika nyingine.

Mwaka uliofuata alikuja Dar kutibiwa macho. Tumekaa, akauliza, "Ile ya tochi iko wapi?"

"Iliibiwa, Baba. Kwenye daladala."

"Pole sana, mwanangu." Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa yake, akaiweka mbele yangu. "Chukua hii. Umeme ukikatika utasomea nini?"

Nikakataa. Nikamwambia ninayo nyingine, nikamtolea 6600. Akaigeuza geuza. "Hii ina tochi?"

"Haina. Ina kamera."

Akafikiri kidogo. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akakaa sawa. "Basi nipige."

Picha ile ninayo. Kamera ya 6600 ilikuwa ya VGA, na chumba kilikuwa na giza, kwa hiyo uso wake umekuwa wa rangi ya chai na jicho moja limefichwa na bandeji. Ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote. Nimejaribu mara nyingi kujuta kuinunua simu ile, na kila nikiangalia picha najikuta nimejuta nusu.

Sikumwambia ukweli. "Samahani" kwenye 1100 ni mibonyezo kumi na tano, nimeihesabu. Kwenye 6600 ni hivyo hivyo.

Baba alifariki 2012. Wakati huo na Nokia yenyewe ilikuwa mgonjwa. Mwaka mmoja kabla, mkuu wake Stephen Elop alikuwa amewaandikia wafanyakazi waraka akiifananisha kampuni na jukwaa linaloungua moto, na mwaka 2014 biashara ya simu ikahamia Microsoft. Siwezi kusema niliomboleza vyote viwili kwa pamoja, itakuwa utani mbaya, ila nilianza kununua Nokia za zamani mwaka ule ule. Mama alikuwa amenipa simu ya Baba. Ilikuwa imeingia maji ya mvua, haikuwaka tena. Ndiyo ile iliyokufa kwenye droo.

Zingine sita nimezinunua mwenyewe, kwa mafundi wa Kariakoo, Ilala, moja Arusha. Mwaka 2017 ilipotangazwa 3310 mpya pale Barcelona nilifurahi kama mtoto na nilitafuta mpaka nikaipata. Nzuri, nyepesi, nyoka wake ana rangi. Nikampa mpwa wangu. Ninazozitafuta ni 1100, tena zilizotumika, na kitu cha kwanza ninachofungua ni sanduku la meseji.

Mmeshaelewa. Najua hesabu inavyosema. Simu milioni 250, na yangu moja iliyoachwa ndani ya boksi miaka hiyo, huenda ilishafutwa jioni ile ile. Baba angeniambia uwezekano wake ni sifuri na nukta, halafu sifuri nyingi. Lakini nafungua. Nimeshakuta "nimefika salama mzigo upo". Nimeshakuta "mama anauliza utakuja msibani au hutakuja". Kwenye ile ya Arusha kulikuwa na meseji kumi na moja kutoka kwa mtu mmoja, zote zinasema "nipigie". Huwa nasoma mpaka mwisho kisha nafuta, na huwa najiuliza ni nani alizisoma za kwangu, na kama alicheka alipofika "Yahusu: Ada".

Sasa mwaka jana tulikuwa tunahamisha vitu vya Mama. Ndani ya sanduku la vyeti nikakuta daftari, kaunta buku ya kawaida, jalada limeshikwa na utomvu. Nikajua ni hesabu za shamba. Hazikuwa hesabu za shamba. Baba alikuwa anaandika meseji zake kwanza kwenye daftari, nyumbani, mezani, halafu anapanda nalo kwenye mikaratusi kuzinakili. Kila meseji ina tarehe. Pembeni kwa penseli ameandika idadi ya herufi, nafasi na nukta zimo. Ikizidi 160 anapunguza, anahesabu upya.

Kuna moja ya mwaka 2006, wakati ada ilikuwa bado inasafiri kwa kondakta wa basi. Kama ilivyonifikia, ilikuwa hivi:

"Mwanangu, salamu. Ada imetumwa leo kwa basi, mfuate kondakta saa 10 jioni Ubungo. Hesabu fedha mbele yake. Mvua imeanza. Soma. Ni mimi Baba yako."

Pembeni: 145. Juu yake kuna 181, imezungushiwa duara. Na kati ya "Mvua imeanza" na "Soma" kuna sentensi aliyoikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula nadhani, inasomeka bila shida: "Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke."

Mimi ninayewahariri watu kwa mshahara nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Mvua aliibakiza. Kondakta alibaki. Hata "Ni mimi Baba yako" ilibaki, herufi kumi na nane ambazo hazikuwa na kazi yoyote. Na baada ya kukata alibakiwa na nafasi kumi na tano, zinazotosha kuandika nakupenda na nukta yake na bado zikabaki, ingawa kwetu neno hilo halitamkwi, tunalisikia redioni.

Kurasa arobaini na mbili. Si zote zina sentensi iliyokatwa. Nyingine ni ada tu na mbolea.

Jumapili iliyopita nilichukua ile 1100 inayokaa na chaji vizuri kuliko zote, nikafungua daftari, nikaanza kuiandika ile ya kondakta. Nilianza na ile niliyopokea, halafu nikarudi nikaingiza ile aliyoikata mahali pake. Kidole gumba bado kinakumbuka. S mara nne, bila kuangalia. Juu pembeni namba ilikuwa inashuka, 60, 40, 20. Nilipofika kwenye "Ni mimi" zilikuwa zimeisha. Simu haikukataa. Ilianza kuhesabu upya, na kando yake ikatokea 2. Nikaendelea.